Chini ya ngazi, kompyuta isiyo na mwenyewe

Siku hiyo mjinga alikuwa mwandishi wa makala haya, na ni afadhali msomaji alijue mapema kabla hajaambiwa na watu wa Mtaa wa Mchikichi.

Alifika Kariakoo na flashi mfukoni, akitaka kurasa sita tu zichapishwe. Akaikuta steshenari chini ya ngazi za jengo la ghorofa saba, mahali ambapo mtu mrefu huingia ameinama. Mwanamke alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya zamani, rangi yake imegeuka kama ya chai ya maziwa. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya maji yaliyotulia yakiwa yamebeba mawingu, na pembeni maneno ya Kiswahili matupu: Mafaili, Ofisi, Picha, Mipangilio.

"Dada, hii ni kompyuta au televisheni?" aliuliza, akacheka peke yake.

"Kompyuta, kaka. Lete flashi."

Hakuitoa. Alivuka barabara hadi duka lenye vioo na kiyoyozi, akachapishiwa kurasa zake sita, akaondoka akipepewa na akili zake mwenyewe. Jioni aliporudi ofisini, mahojiano ya miezi minne yaliyokuwa kwenye flashi ileile yalikuwa yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo. Ukibofya, hakifunguki kitu.

Asubuhi iliyofuata alirudi chini ya ngazi akiwa mpole kama mgeni wa ukweni. Yule mwanamke aliichomeka flashi, akasubiri kidogo, na folda zote zikajipanga kwenye kioo moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zimejificha mvua.

"Hazikupotea," alisema. "Zilifichwa. Virusi hivi vinatoa amri za mfumo wa kule vilikozaliwa. Huku hakuna wa kuzifuata."

Mwandishi aliuliza ni kiasi gani.

"Kutazama televisheni ni bure, kaka. Kuchapa ndiyo tunalipisha."

Hivyo ndivyo alivyofahamiana na Swaumu Seifu, mpigachapa mwenye umri wa miaka arobaini na moja, mkazi wa Buguruni. Na hivyo ndivyo alivyopata kujua kwamba ile kompyuta aliyoicheka ilikuwa imebakiza siku kumi za kuishi, na kazi ya Swaumu pamoja nayo.

*

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hii ndiyo siku ya kumi.

Kariakoo bado haijawa Kariakoo. Milango ya chuma imefungwa, maboksi matupu yamelazwa kando ya barabara, na wasukuma mikokoteni wawili wamelala juu ya mikokoteni yao huku nyuso zikiwa zimefunikwa kofia. Kuna harufu ya karatasi ngumu na uji wa mchele. Mtu akikohoa upande wa Msimbazi, anasikika huku.

Swaumu anafungua kufuli mbili, anakunja kanga anayoifunikia kompyuta isiingie vumbi, na kubonyeza kitufe. Halafu haketi. Anasimama mikono nyuma, anangoja.

"Dakika hii naipenda kuliko zote," anasema. "Mashine inaamka, mtaa unaamka. Mimi nipo katikati, sijadaiwa na mtu neno lolote."

Taa ndogo ya kijani inapepesa. Kioo kinakuwa cheusi, kisha bluu, kisha yale maji yanatokea na mawingu yake. Ni picha ya bonde la Jangwani, anaeleza, siku moja baada ya mvua kubwa. Watu walikuwa wamehama na magodoro kichwani. Bonde likabaki limejaa mbingu.

"Nilipiga picha ile nikiwa na hasira, maana nilikuwa nimekwama. Leo ndiyo ukuta wangu. Kila asubuhi naingia kazini kwa kupita juu ya maji."

Anaketi. Vidole vinagusa kibodi kabla macho hayajafika.

*

Swaumu alijifunza kuchapa kwa taipureta, katika ofisi ya wakili mmoja Mtaa wa Lumumba ambako aliajiriwa kufagia. Wakili akienda mahakamani, yeye aliweka ufagio, akachapa majina ya ndugu zake. Siku wakili aliporudi mapema, alimkuta akimalizia jina la shangazi.

"Hakunifukuza. Alisoma lile jina, akasema herufi ya tatu imekosewa."

Mwaka 2013 alikuja hapa chini ya ngazi. Steshenari ni ya Elibariki Temu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye duka lake la jumla liko ghorofa ya kwanza, juu ya kichwa cha Swaumu. Elibariki alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akamwambia afanye kazi wagawane. Ukurasa mmoja kuchapwa ni shilingi elfu moja. Siku nzuri Swaumu huondoka na elfu kumi na tano yake. Siku mbaya huondoka na nauli.

Barua za kuomba kazi, ratiba za misiba, mikataba ya vyumba, kadi za kamati za harusi: vyote vimepita mikononi mwake. Lakini kwa miaka minane, anasema, hakuna alichokiogopa kama flashi ya mteja.

Mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta wakati ule ulikuwa nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli na fundi wa mtaani. Hakuwa na habari kwamba ni wizi. Alijua tu kwamba kila baada ya miezi miwili au mitatu mashine inazimia, fundi anaitwa, fundi anasema neno ambalo Kariakoo nzima inalijua: ipigwe windo. Ikipigwa windo, yaani Windows ikifutwa na kuwekwa tena, kila kitu kinaanza upya, na fundi anachukua elfu kumi na tano.

"Mbaya zaidi, mimi ndiye niliyekuwa nasambaza," anasema. "Mteja wa asubuhi analeta ugonjwa, mteja wa mchana anaondoka nao. Nilikuwa kama mhudumu wa zahanati anayetumia sindano moja kwa wote. Na nilikuwa natabasamu, nawaambia karibuni tena."

*

Saa mbili kasorobo, Bi Sitara anafika. Ana miaka sabini na minne, anatembea taratibu kutoka Mtaa wa Mahiwa, na ana neno kwa kila anayempita.

"Shikamoo, bibi," anasema Swaumu akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye yule wa televisheni?"

Mwandishi anakiri kuwa ndiye.

"Usijali, baba. Na mimi mara ya kwanza nilidhani ni oveni."

Kila Ijumaa Bi Sitara huja kusema, Swaumu huchapa. Anachosema ni Kariakoo aliyokulia: nyumba moja baada ya nyingine, mtaa baada ya mtaa. Nani aliishi wapi, dirisha lilitazama upande gani, ukutani kulikuwa na rangi gani, nani alipika nini siku ya Ijumaa. Nyumba nyingi kati ya hizo sasa ni maghorofa. Hana picha. Ana kichwa tu, na hicho, anasema, siku hizi kina nyufa.

Anafumba macho. Anasema: nyumba ya kona, mlango wa kijani, kizingiti kimelika katikati kwa miguu ya watu. Herufi zinatokea. Anasema: ndani kulia kuna chumba cha mjomba asiyeoa, ana redio imefunikwa kitambaa. Herufi zinatokea. Sauti ya kibodi inakuwa kama mvua nyepesi juu ya bati, na kwa muda fulani ghorofa saba zilizo juu ya vichwa vyetu zinakuwa hazina uzito. Mtu anaweza kuapa kwamba akitoka nje atakuta paa za chini, mchanga, na moshi wa jiko la mtu ukipita uani.

Kisha mpiga debe anapiga kelele barabarani, na ghorofa zinarudi.

Mwaka 2021 Bi Sitara alikuwa amefikisha kurasa arobaini na moja. Masika yalikuwa yameanza. Mashine ikazimia, fundi akaja, akauliza kama kuna kitu cha maana ndani.

"Nikamwambia vipo kwenye flashi," anasema Swaumu. "Basi akapiga windo. Jioni nachomeka flashi, ni mishale mitupu. Nikarudi kwenye mashine, nyeupe kama shuka jipya."

Alikwenda Mahiwa kwa miguu kumwambia Bi Sitara. Anasema njia ile haikuwahi kuwa ndefu vile.

"Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho. Halafu akaniambia, basi tuanze na nyumba ya kwanza."

"Ningefanya nini?" anadakia Bi Sitara bila kufumbua macho. "Nimpige? Ana mifupa migumu."

*

Aliyemwonyesha njia nyingine ni Angela, fundi wa kompyuta wa ghorofa ya pili, wakati huo akiwa na miaka ishirini na mitano na sifa ya kutopenda kuongea na wateja. Swaumu alipanda ngazi na mashine kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Ina mfumo wa wizi," Angela alimwambia. "Nina mwingine. Haununuliwi wala hauibwi."

"Hauibwi kwa nini?"

"Utaibaje kitu ulichopewa?"

Mfumo huo unaitwa Linux. Ni programu huria: iliandikwa, na bado inaandikwa, na watu wengi waliotapakaa duniani, kila mmoja akiongeza kipande chake na kukiacha wazi ili mwingine akisome, akirekebishe, ampe na jirani. Angela hakufuta chochote kwanza. Alichomeka flashi, mashine ikawaka kutokea kwenye flashi hiyohiyo, akamwambia Swaumu akae nayo mchana kutwa. Asipoipenda, achomoe, arudi kwa ndugu zake virusi.

Swaumu aliipenda saa ileile, anakiri, ila hakuthubutu kusema.

"Kitu cha bure, Kariakoo? Hapa hata ukiegemea ukuta kuna mtu wa kukuuliza. Nilikaa wiki tatu nangoja nione nani atakuja kuchukua chake."

Hakuja mtu. Mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kunywa chai nzima kuamka, sasa iliamka kabla hajamaliza kukunja kanga. Wateja walileta flashi zao zenye maradhi, zikafunguka, zikaondoka bila kumwambukiza wa nyuma yao. Kwa miaka minne sasa fundi hajaitwa kupiga kitu chochote.

Wateja wengine walihama. Hilo hafichi. Printa iligoma siku mbili nzima mpaka Angela akashuka na kuisemesha. Barua nyingine, ikitoka kwenye kompyuta ya mteja, hufika mistari imesogea, na lazima Swaumu airudishe kwa mkono kama anayenyoosha shuka. Mwezi huu wateja wawili walikiona kioo, wakageuka. Mmoja wao, kama ilivyokwishasemwa, alirudi.

Kitu kilichomfunga kabisa, hata hivyo, ni neno moja.

Ule mfumo unaweza kusomeka kwa Kiswahili, kwa sababu kuna watu waliokaa wakautafsiri bila kulipwa. Si wote, ila sehemu kubwa. Mahali panapoonyesha kazi zinazosubiri printa, mtafsiri mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa ameandika "mkia".

"Mkia wa uchapaji," anasema Swaumu, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia Angela, hivi huyu hajawahi kusimama benki? Ile ni foleni."

Angela alimwonyesha mahali pa kuwaandikia watafsiri. Swaumu aliandika mistari minne, kwa adabu, akamalizia kwa salamu kutoka Kariakoo. Akasahau. Miezi mitano baadaye, asubuhi moja mashine ilijisasisha, akafungua printa, na neno lilikuwa limekaa pale. Foleni.

"Sikuchapa kitu mpaka saa nne. Nililitazama tu. Mtu yuko Lamu, yuko Kigoma, hanijui simjui, anabofya neno langu. Mimi niliyejifunzia jina la shangazi."

*

Mchana adhana inapoita, mtaa unatulia. Mikeka inatandikwa hadi barabarani, viatu vinapangwa, hata wapiga debe wanashusha sauti. Swaumu anaifunika mashine kwa kanga na kukaa kando yake, mikono mapajani. Kwa nusu saa Kariakoo inapumua kama mtu aliyelala ubavu.

Hajala. Anasema hana njaa.

Siku kumi nyuma, Elibariki alishuka ngazi akamwambia kwamba amepata muuzaji wa kompyuta mpya, yenye mfumo wa kulipiwa, na mashine inakuja na mtu wake wa kuiendesha. Angempa jibu muuzaji yule Ijumaa baada ya swala. Hakusema Swaumu aondoke. Alisema tu kwamba chini ya ngazi hapatoshi watu wawili, jambo ambalo kila aliyewahi kusimama pale anajua ni kweli.

Saa nane, Bi Sitara amerudi kitini kumalizia ukurasa. Leo wamefika kwenye kiwanja cha jengo hilihili.

"Hapa tulipokaa," anasema akiwa amefumba macho, "palikuwa nyumba ya Mzee Abdulatif, mshona kanzu. Baraza la saruji nyekundu, limesuguliwa mpaka unajiona. Mwaka themanini na sita akaja kijana mmoja kutoka Kilimanjaro, mwembamba, ana soksi na vitana. Akasimama mbele ya baraza kutwa nzima, kazinyoosha soksi juu kama bendera, hasemi."

"Alikuwa anaogopa kuchekwa," inasema sauti ya kiume kutoka ngazini.

Elibariki ameshuka. Ana miaka hamsini na minane, si mwembamba tena, simu iko mkononi.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba, mangi. Kaa. Nakusema."

"Nimesikia." Anakaa kwenye ngazi ya chini. Uso wake unalainika. "Nilikuwa na Kiswahili cha darasani. Cha kujibu mtihani. Cha kumwita mtu anunue sikuwa nacho, na lafudhi yangu ndiyo hiyo. Huyu mama na wenzake walikuwa barazani wanachambua mchele. Akaniambia, kijana, soksi hazina mdomo."

"Si ndivyo?"

"Ndivyo. Wakanifundisha. Njoo mama uangalie, kuangalia hakulipiwi. Nikikosea wananicheka, nikipatia wananipa wali. Mwezi mmoja tu. Nilivyotoka pale barazani, ningeweza kumuuzia samaki ndoo ya maji."

Swaumu anachapa yote hayo. Hakuna aliyemwambia aache.

Elibariki anatazama simu yake, kisha anaitazama ile kompyuta, na uso unarudi kuwa wa biashara.

"Swaumu, yule mtu anasubiri. Nimpe jibu gani?"

"Bosi, wewe ndiye mwenye mali."

"Nakuuliza wewe."

"Basi mwambie tunayo inayofanya kazi."

"Inayofukuza wateja."

"Wawili mwezi huu. Na mmoja huyu hapa amekaa."

Mwandishi anatazama chini.

"Na printa?"

"Ya printa ni kweli. Siku mbili. Sikatai. Lakini tangu mwaka ule hujatoa hela ya fundi hata mara moja, na hakuna mteja aliyeondoka hapa na ugonjwa."

"Sibishani na hesabu, hesabu naijua." Elibariki anashusha sauti, na ni dhahiri kwamba jambo hili limemkosesha usingizi yeye pia. "Nisikilize, dada yangu. Tumefanya kazi miaka kumi na mbili, hujawahi kunidanganya. Ila hiki kitu sikielewi. Nikinunua kitenge najua kiwanda. Kikichuja namrudia mtu, namkunja shati. Hicho chako hakina duka, hakina risiti. Nikipata tatizo namkunja nani?"

"Angela yuko ghorofa ya pili."

"Angela hakukitengeneza."

"Hakukitengeneza, ila anaweza kukifungua akaona ndani. Ule mwingine hata fundi wetu hakuruhusiwa kuona ndani, alikuwa anapiga tu."

Bi Sitara anafumbua jicho moja. "Jibu hilo, mangi."

"Mama, wewe unamtetea kwa sababu ya nyumba zako."

"Eh. Ulitaka nimtetee kwa sababu ya nyumba za nani?"

Elibariki anatabasamu bila kutaka. Kisha anauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Nikisema leo basi, utakwenda wapi?"

Swaumu anaondoa mikono kwenye kibodi. Anaongea taratibu, akiyatazama yale maji ya kwenye kioo.

Kwenye stoo ya jengo hili, anasema, kuna kompyuta tatu zimetupwa na mpangaji aliyehama. Zimesemwa zimekufa. Yeye na Angela wamezifungua. Hazijafa, zilikuwa zimebebeshwa mzigo mzito kuliko umri wao. Anataka azichukue, aziwekee mfumo huu, azipeleke Buguruni kwenye sebule anayopanga. Jumamosi mchana, mama lishe wakishaosha vyombo, waje. Mafundi gereji waje na mikono yao ya grisi, atawapa kitambaa.

"Nataka mtu akae mbele ya mashine aisome kwa lugha anayoiota usiku. Asiogope kubofya. Akikuta neno halijakaa vizuri, alibadilishe, na mtu wa Kigoma alione. Nikiwa hapa nitafanya hilo Jumamosi. Nisipokuwa hapa nitafanya kila siku. Ila hapa ndipo nyumba za Bi Sitara zilipo, bosi. Sikutaka kuhama kabla hatujamaliza mtaa."

Juu, mtu anaburuta robota la vitenge, na vumbi jembamba linashuka kwenye mwanga, linang'aa, linatua juu ya kanga.

"Kompyuta za stoo chukua," anasema Elibariki. "Hizo hata sikuzijua. Lakini hii ni kazi yangu, na mimi nimekulia sokoni." Ananyoosha simu. Jina la muuzaji liko kwenye kioo, kidole gumba kiko juu yake. "Kitu ambacho hakiuzwi, hakina mwenyewe, kila apitaye anatia mkono wake humo, anaongeza chake, anaondoka. Mtu mwenye akili anakitegemeaje kitu cha hivyo kumlisha? Nitajie kimoja, Swaumu. Kimoja tu ambacho mtu amekitegemea akala. Ukinitajia, simu hii naizima sasa hivi."

Bi Sitara amefumbua macho yote mawili.

Swaumu anautazama ukurasa alioumaliza kuchapa, baraza jekundu na kijana mwenye soksi. Anapandisha mstari mmoja juu, anasoma, anageuka.

"Hicho Kiswahili unachouzia vitenge mwaka wa thelathini na tisa huu, bosi, ulikinunua duka gani?"